Waliokula Mbuzi wa Mwalimu

Hapana, sikumwaibisha. Hilo neno lirudishe ulikolitoa. Ulikuja na gari lako kutoka Nairobi, ukakaa chini ya tenti masaa matatu, ukala wali na nyama, na mwaka mzima baadaye unanikuta hapa sokoni Kabati nikinunua mafuta ya taa, unaniambia mbele ya watu ati nilimwaibisha Mwalimu siku ya mazishi yake. Ati yeye alikuwa mtu wa amani na mimi nikamharibia. Nikifungua mdomo nikujibu, unaangalia saa, unaingia garini, unaenda. Sawa. Nitakujibu kwa kalamu, na kwa sababu najua wanaosema kama wewe ni wengi, someni pamoja.

Kwanza, wewe ulimjua Mwalimu miaka mitatu, kutoka kengele ya asubuhi mpaka ile ya saa kumi. Ulimjua na sketi ya kijivu na chaki mkononi. Mimi nilimjua akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akigombeza goti lake kama mtu anagombeza mfanyakazi mvivu. Nilijua anakoroma. Nilijua akila muthokoi lazima mahindi yote yawe yamekobolewa, na akipata punje moja bado ina ganda, anaitoa, anaiweka kando ya sahani, anaiangalia kama mtoto aliyechelewa kuingia darasani. Huyo ndiye unaniambia nilimwaibisha.

Pili, itafute ile karatasi ya mazishi. Najua unayo, watu wa mjini hamtupi karatasi yenye picha. Fungua ukurasa wa pili. Imeandikwa: Mwalimu hakujaliwa mtoto, lakini wanafunzi wake wote walikuwa watoto wake. Hapo mlipiga makofi, wengine mkatoa vitambaa. Sasa shuka mpaka chini kabisa, chini ya shukrani kwa wenye tenti na wenye viti. Imeandikwa: Ameacha msaidizi wake wa nyumbani na watoto wake watatu.

Msaidizi wa nyumbani ni mama yangu. Watoto watatu ni mimi na ndugu zangu wawili. Hapo hukupiga makofi wala hukulia. Hukufika hata kusoma.

Nitaeleza polepole, maana watoto wa mjini wakisikia hii kitu wanaanza kucheka. Mwalimu aliolewa miaka ya sitini ikianza, na mume wake alikuwa mtu wa reli huko Mtito Andei. Yeye anafundisha huku upande wa Migwani, bwana anakuja mwisho wa mwezi na sabuni na sukari. Wakakaa hivyo miaka saba, mtoto hakuna. Halafu homa ikamchukua bwana, akaletwa, akazikwa nyuma ya nyumba. Sasa kwetu, mwanaume akifa bila mtoto, hiyo nyumba imezimwa. Lakini mila ya Ukambani ina dawa yake. Mjane anaweza kupeleka mahari aoe mwanamke. Si kuoa kwa kulala kitanda kimoja, toa hiyo kwa akili. Anamwoa ili azae, na watoto wakizaliwa wanakuwa wa yule marehemu. Nyumba ni yao, shamba ni lao, hakuna wa kuwauliza. Mwanamke wa namna hiyo anaitwa iweto. Mama yangu ni iweto. Mimi ni mtoto wa mtu aliyekufa kabla nizaliwe. Aliyesaidia kwa mwili usiniulize, hata mimi mwenyewe sikuuliza.

Walikutana Mtito Andei. Mwalimu alienda kuchukua sanduku la nguo za bwana yake, akaketi kwa hoteli moja ya madereva wa malori kungoja basi. Mama alikuwa msichana wa hapo, anapika chai, anakwepa mikono ya madereva. Aliona mama mmoja amekumbatia sanduku halili wala haongei, akamletea chai na akakataa kumruhusu mwenye hoteli amtoe kwenye kiti. Wakaongea mpaka basi likaja. Mwalimu akamwambia, "Ukipata shida, mimi nafundisha Migwani, uliza tu." Watu wanasema Mwalimu aliokota msichana hotelini. Hakuokota. Alipewa chai siku ambayo hakuna mtu mwingine alimpa kitu, na Mwalimu hakuwa mtu wa kusahau chai.

Siku moja nilimuuliza mama mbona alikubali. Alikuwa anachambua ndengu, hakuinua hata kichwa. "Nilitaka nyumba ambayo hakuna mtu wa kunipiga," akasema. "Nikaipata. Sasa enda uchote maji."

Aliyesimamia hayo mambo ni susu, mama ya marehemu. Alimwita mtoto wake aliyebaki, ambaye mimi namwita baba mdogo, akamwambia, "Ndugu yako hatalala kwa udongo bila jina. Mwanamke haendi kuzungumza mahari peke yake. Utaenda na huyu mwalimu mpaka mpate mke." Na baba mdogo akaenda. Ninataka ushike hapo. Alienda.

Kwetu kuna mbuzi wanaitwa wa ntheo. Wanapelekwa nyumbani kwa msichana, wanachinjwa, wanaliwa na wazee wa pande zote mbili. Bila hao mbuzi, hata ulipe ng'ombe wajae bonde, hujaoa. Na wakishaliwa, hata ukane kwa mdomo mpaka ukauke, umeoa. Hiyo hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Mbuzi wenyewe walinunuliwa hapa hapa Kabati, kwa muuzaji mmoja Mwislamu aliyekuja na mifugo kutoka kaskazini mashariki, na ambaye mpaka leo ana duka hapa. Yeye ndiye alinihadithia. Anasema baba mdogo alizunguka hao mbuzi kama daktari, akafungua midomo, akapapasa mbavu.

"Huyu beberu ana macho ya mlevi," baba mdogo akasema.

"Mzee," muuzaji akamwambia, "unaoa beberu ama unaoa msichana?"

Soko lote likacheka. Wakachagua watatu, wakafungwa juu ya basi, wakaenda mpaka upande wa Makueni wakilia njia nzima. Walienda wazee watano na Mwalimu. Mama anasema baba mdogo alikula siku hiyo mpaka mafuta yakafika kwa kiwiko, akaomba na chumvi nyingine.

Mama alipokuja Migwani na tumbo likaanza kuonekana, wazee wa kanisa wakamwita Mwalimu. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya, yeye alikuwa anafundisha watoto Jumapili. Wakamweka kwa kiti katikati.

"Dada, huyo msichana mrudishe kwao, utubu, maneno yaishe."

"Nimrudishe kama nani?"

"Umrudishe tu."

"Mzee, mbuzi wameshaliwa. Nyama hairudi kuwa mbuzi."

Mmoja alitaka kucheka akageuza ikawa kikohozi. Lakini wakaamua. Mwalimu ametengwa. Hatashika meza ya Bwana, hatafundisha kwaya, atakaa benchi la nyuma mpaka amfukuze yule mwanamke. Sasa sikia hii, na kama utaweza kutokasirika, basi wewe si mtu wa huku. Karani wa kanisa alikuwa na mwandiko kama kuku amekanyaga wino. Kila mara alikuwa akileta daftari la mikutano kwa Mwalimu aliandike vizuri. Na wiki hiyo akalileta kama kawaida. Mwalimu aliketi mezani, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa ile herufi yake ya kulala kidogo, kwamba yeye ametengwa kwa kosa la kuoa mwanamke kwa mila ya kipagani. Akapuliza wino ukauka. Akamwambia karani, "Mmesahau tarehe, ndugu. Jambo kama hili linataka tarehe." Akaiweka tarehe. Akampa chai.

Mama ndiye aliniambia, na kila akiniambia mimi nasimama natoka nje.

Miaka ishirini na zaidi Mwalimu alikaa benchi la nyuma, mpaka goti likakataa safari ya kanisa. Hujui hilo benchi. Liko mlangoni, ndipo vumbi linaingia, ndipo watoto wanaletwa wakikojoa. Jumapili ya meza ya Bwana sinia inapita mstari kwa mstari, na ikifika nyuma, mwenye sinia anageuka kabla ya kutufikia, kama hapo ni ukuta. Na unajua nani alikuwa anabeba hiyo sinia? Miaka ya themanini baba mdogo aliokoka. Akavaa tai. Akapewa uzee wa kanisa. Mtu aliyeshika kamba ya beberu mpaka Makueni ndiye alikuwa akimpita shemeji yake na mkate, macho juu kwenye mabati. Nilikuwa mdogo nikamuuliza Mwalimu kwa nini tusiende kanisa lingine. Akasema, "Mimi sikuja kwa ajili ya sinia." Mimi nilikuwa nimeenda kwa ajili ya sinia. Nilitaka nione siku moja itafika.

Halafu Jumatatu, hao hao walikuwa kwetu. Hapo ndipo hasira yangu inapopikwa, kwa sababu hawakukosa hata Jumatatu moja. Mwenye bwana Mombasa anataka barua isomwe na ijibiwe. Mzee amepewa dawa tatu kwa dispensari, hajui ya asubuhi ni gani. Mwalimu alikuwa anachora jua kwa pakiti ya asubuhi, na sufuria kwa ile ya baada ya chakula. Ule mwaka wa njaa wa mahindi ya njano, kaunsela alipotaka mahindi yapitie kwa watu wake, Mwalimu alisimama kwa mlango wa stoo na orodha ya nyumba zote, akasoma kwa sauti ya darasani, nyumba kwa nyumba, na kaunsela akasimama foleni kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amemfundisha. Mwethya ikiitwa, ile kazi ya kijiji kizima ya kuchimba matuta ya shamba, alikuja na jembe lake, na hakuna aliyemwambia yeye ni mwalimu akae aandike majina.

Na alipostaafu hakukaa. Wasichana waliofukuzwa shule kwa mimba alianza kuwafundisha kwetu, kwenye kibanda cha mbuzi, baada ya mbuzi kutoka asubuhi. Kulikuwa na harufu, na kulikuwa na ubao. Walikuja wakiwa wamejifunika leso mpaka kichwani ili wasijulikane, ingawa kijiji kizima kilijua. Wengine wakarudi kufanya mtihani. Kuna mmoja leo ni nesi. Baba zao walikuwa wanapita njiani wakiangalia upande mwingine, na jioni wanatuma mtoto mdogo na maziwa, yanawekwa kwenye jiwe, hakuna salamu.

Mimi sikusoma kwa hicho kibanda, na shule sikumaliza. Darasa la sita mwalimu mmoja aliniita mtoto wa wanawake wawili, darasa likacheka, nikamrushia dasta ikampata kwa sikio. Nikaambiwa nilete mzazi niombe msamaha. Nikakataa kuomba, na sikurudi. Mwalimu alijua niko na haki, na bado akaniambia, "Ukitaka mwalimu, shule iko pale. Hapa nyumbani sifundishi mtu aliyeacha darasa." Tukagombana mwaka mzima. Lakini nikaanza kuona vitabu vinasahauliwa. Kimoja juu ya meza, kingine karibu na jiko, kingine chooni. Mwalimu hakuwa mtu wa kusahau vitu. Mimi nikawa nasoma nikijifanya sijasoma, na yeye akawa anabadilisha akijifanya hajabadilisha. Nikasoma na magazeti ya kufungia nyama, yenye damu. Ndivyo nilivyojifundisha. Leo nauza mitumba Kabati na Migwani siku za soko, na sauti ninayo.

Alipougua hakuna mwanafunzi aliyekuwepo. Hiyo si lawama, mko mbali. Mama ndiye alikuwa anamgeuza, anamuosha, anamkata kucha. Wiki tatu. Asubuhi ya kumpeleka hospitali mvua ilikuwa imekata barabara, mama akambeba mgongoni mpaka kwenye lami, na mama si mkubwa. Njiani Mwalimu alikuwa anamwambia, "Pumzika," na mama anamjibu, "Wewe nyamaza, leo mwalimu ni mimi." Alirudi kwa sanduku.

Basi kamati ikaundwa. Wakakutana kwetu siku nne, wakinywa chai iliyopikwa na mama, kwa vikombe vya mama. Na baba mdogo ndiye mwenyekiti. Kanisa likasema litamzika kwa heshima zote, kwaya, pasta, kila kitu, kwa sababu alikuwa mtumishi wa watu. Niliposikia hivyo, nakwambia ukweli, nilifurahi. Nikadhani aibu imewaingia. Sikujua wanampa heshima kwa kutufuta sisi. Karatasi ilipigwa chapa Kitui mjini, ikaletwa asubuhi ya mazishi, na wa kwanza kuisoma kwetu alikuwa mama.

Mama anajua kusoma. Alifundishwa na Mwalimu, kwa meza yetu, mimi nikiwa tumboni. Anasoma kwa kidole. Nilikuwa naona kidole kikienda, kikienda, kikafika mwisho wa ukurasa wa pili, kikasimama. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiingiza kifuani, akarudi kwa sufuria ya wali. Nikaenda kuchukua nakala yangu.

Na usifikiri ni neno tu. Mjakazi kazi ikiisha anaenda kwao. Mke haendi popote. Hilo neno moja lilikuwa linatutoa kwa nyumba na shamba, na baba mdogo alikuwa anajua, kwa maana shamba la ndugu yake likikosa mtoto linarudi kwa nani? Angalau ungejiuliza hivyo kabla ya kupiga makofi.

Pasta akaanza kusoma. Mimi nikangoja afike. Alipofika kwa ule mstari nikasimama.

"Pasta, ngoja hapo."

"Keti, mtoto. Tutawapa jamaa nafasi."

"Mimi ni jamaa gani? Hiyo karatasi inasema mimi ni mtoto wa mboch, wa mfanyakazi wa ndani."

"Ana uchungu huyu," baba mdogo akasema. "Akina mama, mshikeni."

Akina mama wawili wakanijia. Nikawaambia anayenishika nitatangaza yale Mwalimu aliniambia kumhusu, na hakuwa ameniambia chochote, lakini wote wawili wakaketi.

"Nina swali moja kwa wazee wa kanisa," nikasema. "Kama mama yangu ni msaidizi wa nyumbani, Mwalimu alikaa benchi la nyuma miaka ishirini kwa kosa gani? Kuandika mfanyakazi ni dhambi siku hizi?"

Mtu mmoja alianza kucheka huko nyuma ya tenti, akameza kicheko.

"Mlimtenga kwa kuoa. Leo mnasema hakuoa. Basi chagueni moja. Kama hakuoa, mwombeni msamaha hapa, kabla ya udongo. Na kama alioa, mke wake yuko pale jikoni na mwiko."

Pasta alikuwa mgeni, ana mwaka mmoja na sisi, akamgeukia baba mdogo. Baba mdogo akaanza kutafuta kitu kwa Biblia.

"Sawa," nikasema. "Mbuzi wa ntheo walienda Makueni juu ya basi. Walienda na wazee watano. Wawili wamekufa. Watatu mko hapa nawaona, mmoja ameshika Biblia. Waliokula, simameni."

Ulikuwepo. Ulisikia sufuria ikichemka jikoni. Hao wazee watatu waliangalia viatu vyao, na mimi sijawahi kuona watu wazima wakipenda viatu namna hiyo. Kwa sababu kusimama ni kusema, nilikula sadaka ya kipagani, na nikakaa kanisani nikimwangalia akitengwa kwa nyama niliyokula mimi.

Aliyesimama hakuwa mmoja wao. Alisimama yule muuzaji wa mbuzi, huko kwenye ua, na kofia yake. Alikuwa amekuja kwa sababu Mwalimu ndiye alimwandikia barua zake zote za leseni, na watoto wake aliwafundisha.

"Mimi sikula," akasema. "Lakini mbuzi niliuza mimi. Watatu. Huyu mzee alichagua mwenyewe, akasema beberu ana macho ya mlevi. Aliniambia ni ya kuoa."

"Wewe kaa," baba mdogo akasema. "Hujui mila yetu."

"Mila yenu sijui, mzee. Mbuzi wangu namjua."

Hapo kiongozi wa kwaya akapewa ishara, wakaanza kuimba juu yetu, kwa nguvu, kama watu wanaofunika moto na gunia. Hiyo ndiyo kelele unayokumbuka. Unasema mimi ndiye nilipiga. Na ndani ya hizo nyimbo mama akatoka jikoni. Mikono ilikuwa na masizi. Akapita katikati ya viti, mlikuwa mnavuta miguu mumpishe, akafika kaburini kabla ya baba mdogo, ambaye alikuwa tayari ameshika udongo wake mkononi kama mwenye nyumba. Mama akainama, akachukua, akatupa wa kwanza. "Enda, Mwalimu," akasema. "Sisi tuko." Akarudi kuwapakulia wali. Na wewe ukala.

Hiyo ndiyo aibu unayoisema.

Sasa nikwambie kilichofuata, kwa sababu gari lako lilikuwa limeshaondoka. Mwezi haukuisha, baba mdogo akaita ukoo. Akasema yule mama mgeni arudi kwao Makueni na watoto wake, kwa sababu ndugu yake hakuacha mtu. Wazee wa ukoo si wajinga. Walisema jambo ni dogo: leteni daftari la kanisa lililoandikwa kosa la Mwalimu, au mleteni mtu mmoja wa upande wa huku aliyekula ntheo aseme kwa mdomo wake kwamba alikula. Mmoja tu. Muuzaji hatoshi, kwa sababu kuuza si kula.

Nikaenda kwa karani. Akaniambia daftari limeliwa na mchwa. Nikamwomba anionyeshe kabati. Madaftari yote yalikuwa pale, ya kwaya, ya harusi, ya ubatizo, safi. Mchwa waliingia, wakapita yote, wakachagua hilo moja lenye mwandiko mzuri, wakala, wakafunga kabati wakatoka. Nilimwambia hivyo. Akasema mimi sina adabu.

Nikaenda kwa mzee wa kwanza. Huyo siku hizi ni kiziwi. Nilipopita dirishani nikasikia mke wake anamuuliza kwa sauti ya chini kama atakula uji, na akajibu ndiyo, weka sukari. Nikaingia nikamuuliza juu ya mbuzi, akashika sikio.

Nikaenda kwa wa pili. Huyo hakukataa. Alinipa kiti. Alisema, "Mwanangu, mimi nakumbuka hata chumvi ilivyokuwa. Lakini nimeokoka. Nikisema nilikula, watanipeleka benchi la nyuma, na umri huu."

"Mwalimu alikaa hapo miaka ishirini," nikamwambia.

"Mwalimu alikuwa na nguvu," akasema. "Mimi ni mzee tu."

Akanisindikiza mpaka njiani. Akanipa na maziwa, kwenye chupa. Nikaikumbuka hiyo chupa. Zamani ilikuwa inawekwa kwenye jiwe letu jioni, wakati binti yake anasoma kwa kibanda cha mbuzi. Nikaiacha njiani imejaa.

Huyo mzee ni baba yako. Unajua ni baba yako. Ulipochukua maikrofoni siku ile ukasema Mwalimu alikuwa mama yako wa pili, yeye alikuwa ameketi mita tatu kutoka kwako, anaangalia viatu. Na yule nesi ni dada yako. Mimi simtaji kwa ubaya, yeye peke yake kwenu ndiye anakuja kumsalimia mama, na anaingia kwa mlango wa mbele mchana. Nakutaja wewe.

Ukoo unakaa tena mavuno yakiisha. Mama hajafunga hata kikapu. Anapanda mbaazi, na mbaazi inakaa miezi, mtu anayeondoka hapandi mbaazi. Baba mdogo amepanda miiba ya mpaka mara mbili, na mara mbili nimeing'oa, mikono yangu njoo uione. Ninachohitaji si wakili, wala si mchango wenu, wala kile kikundi mnasema mtaanzisha cha kumkumbuka. Ninahitaji mzee mmoja, dakika moja, neno moja: nilikula.

Gari unalo. Barabara ya kwenu sasa inapitika. Mwambie akae na wewe mbele, mje, na akipelekwa benchi la nyuma, mimi mwenyewe nitakaa naye Jumapili zote, namwonyesha mahali upepo haufiki. Na wewe mwingine, unayesoma hii ukisema maneno ya Wakamba hayakuhusu, kwenu pia kuna mtu alibebwa mgongoni na mtu ambaye jina lake halikuandikwa, na kwenu pia kuna nyama ililiwa. Ulikula, ukanyamaza. Sasa ukiitwa, utasimama?